Muulizeni Mama Foleni

KARATASI YA MAELEZO

Shauri: Kushambulia na kudhuru mwili, kambi ya waathirika wa mafuriko, shule ya sekondari
Anayetoa maelezo: Anajulikana kwa jina la Mama Foleni
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 44
Kazi: Muuza nguo za mitumba. Kwa sasa hana kazi, soko limezama
Makazi: Chumba cha Kidato cha Pili B, kambi ya shule
Tarehe: Ijumaa, tarehe 11. Yameanza kuandikwa saa 3:40 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kwamba natakiwa kusema kweli tupu, na kwamba nikisema uongo huku najua, nitashtakiwa. Nimeelewa. Sijalewa, siumwi, wala hakuna aliyenitisha. Nina hasira tu, na afande amesema hasira haiandikwi, lakini naona ameiandika.

Nimeitwa kwa sababu mpima maji wa kambi yetu, ambaye amelazwa hospitali tangu juzi, ameandika jina langu kwenye karatasi. Koo lake limeungua, hawezi kusema. Sijui ameandika nini, sijaonyeshwa. Naomba ijulikane tangu mwanzo kwamba sikumgusa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni kinyozi, yuko mahabusu humu humu kituoni. Nimesikia kikohozi chake nilipokuwa nangoja kwenye benchi. Nimekuja kueleza ili atoke.

Mnamo tarehe 28 ya mwezi uliopita, alfajiri, mto ulivunja kingo na maji yakaingia mtaani kwetu hadi usawa wa madirisha. Nilitoka na simu, kitambulisho na kiatu cha mguu mmoja. Mchana tulihamishiwa shule ya sekondari. Mimi, mdogo wangu na mke wake, yaani wifi yangu, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita, tulipewa kona ya Kidato cha Pili B, chini ya ubao. Tulikuwa familia tisa humo ndani. Madawati tuliyapanga yakawa kuta. Ubaoni ilibaki hesabu ya mwalimu ambayo haikumalizwa, na hadi leo hakuna aliyeifuta. Mdogo wangu alipata kiti cha plastiki na kipande cha kioo, akaanza kunyoa watu barazani.

Mdogo wangu huyo nimemlea mimi. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka mitatu na mimi kumi na minane. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Sasa ana miaka ishirini na tisa na bado hanunui shati bila kuniuliza. Nalisema hili ili afande ajue kijana mwenyewe ni wa namna gani.

Tarehe 29 lilikuja gari la watu wa misaada. Walitandaza tangi la mpira uwanjani, limelala chini kama godoro lililovimba, wakaliunga na mabomba manne. Aliyehusika na maji alikuwa kijana mmoja mwembamba wa miaka thelathini hivi, kalamu mbili mfukoni, shati limefungwa vifungo hadi shingoni hata jua likiwa kali. Kila siku saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri alikuja na ndoo nyeupe yenye mfuniko mwekundu. Ndani ya ndoo alikoroga dawa ya unga, klorini, ikawa kali. Kipimo kimoja cha dawa hiyo alikimimina kwenye tangi, akangoja nusu saa kwa saa yake ya mkononi, halafu akachota maji ya bombani kwenye kichupa cha kioo, akatia kidonge, akatikisa, akakiinua juani. Maji yaligeuka pinki. Watoto walikuwa wanamngojea wapige kelele, "Pinki! Pinki!" Ndiyo maana kambi nzima ilimwita Pinki. Yeye alicheka tu. Aliwaambia, "Maji yakiona haya, mnywe." Mimi nilidhani ni utani wa watoto. Mimi si mtaalamu, mimi nauza mitumba. Rangi ile ilikuwa na maana gani sikujua.

Tarehe 30 watu walipigana bombani hadi mzee mmoja akang'oka jino. Pinki akaita kikao, akauliza nani anaweza kusimamia foleni. Watu wakanitaja mimi. Nina mdomo, najua, na foleni inataka mdomo. Nikapewa ufunguo wa kufuli la mabomba, nikauvaa shingoni kwa uzi wa viatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyerusha ngumi. Aliyeruka foleni nilimtaja kwa tabia zake mbele ya watu wote, akarudi nyuma mwenyewe. Hapo ndipo nilipopata jina la Mama Foleni. Nilikuwa nimepoteza nyumba, duka na robota mbili za nguo. Ufunguo ule ulikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho mwingine hakuwa nacho. Andika hivyo hivyo, afande.

Kuanzia tarehe 4 kwenye simu zetu zilianza kuingia sauti za mtu tusiyemjua. Alisema maji ya misaada yametiwa dawa ya kufunga kizazi, kwamba wanataka watu tukimbie ili viwanja vyetu vichukuliwe. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mwanzoni nilizicheka. Kina mama walipokuja nazo bombani niliwaambia, "Nyie mmezaa saba, nane, nani ana haraka ya kuwafunga leo?" Walicheka, wakachota, wakaenda.

Jumapili tarehe 6, saa kumi jioni, wifi yangu mimba ilitoka. Ilitokea hapo hapo kwenye kona yetu, nyuma ya madawati, nimeshika khanga kama pazia. Alikuwa mtoto wa kiume. Muuguzi wa watu wa misaada alikuja, akafanya kazi yake, akaondoka naye kwenye beseni lililofunikwa.

Jumanne tarehe 8, saa mbili na nusu asubuhi, kabla bomba halijafunguliwa kwa watu wote, nilimchotea wifi yangu ndoo tatu za kuogea. Bado alikuwa anavuja damu. Mke wa seremala, ambaye tunaishi naye chumba kimoja na ambaye hajawahi kuniona nakohoa asiseme nimemkoholea yeye, alianza kupiga kelele. Alisema Mama Foleni ana foleni mbili, ya watu na ya ukoo wake. Wengine wakadakia. Pinki akaja kuniuliza, "Mama, ni kweli?" Ningeweza kumwita pembeni nikamweleza. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wametega masikio, na siri ya mwanamke aliyelala anavuja damu haitangazwi bombani. Nikamjibu, "Damu nzito kuliko maji." Kambi ikaguna. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Basi naomba ufunguo, mama. Tutakuwa tunapokezana. Wiki hii ashike mama mwingine." Niliuvua mimi mwenyewe shingoni. Akampa mke wa seremala. Yule mwanamke aliuvaa juu ya nguo, aonekane.

Siku hiyo sikutoka chumbani.

Jumatano tarehe 9, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Pinki alikuja kama kawaida. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, maji yaliyopampiwa kwenye tangi yalikuwa na tope, kwa hiyo aliongeza dawa, na harufu ilikuwa kali. Watu walinung'unika. Nusu saa ilipotimia akapima, yakageuka pinki nzito. Nilikuwa nimesimama karibu na simu mkononi. Nikamwambia, "Pinki, hebu pima na ya kwako." Alikuwa na chupa ya maji ya dukani kwenye mfuko wa begi. Alicheka. Akasema, "Leo Mama Foleni amenirudia." Alidhani ugomvi wetu umekwisha. Akachukua kichupa cha pili, akamimina maji yake, akatia kidonge, akatikisa. Hayakubadilika. Yalibaki meupe pe. Akaviinua vyote viwili juani, kimoja mkono huu na kingine mkono huu, kwa sababu alipenda kuonyesha. Mimi nikarekodi. Kwenye video sauti yangu inasikika inauliza, "Hivi jamani, kwa nini yetu yabadilike na ya kwake yasibadilike?" Ni swali. Sikusema sumu. Video ninayo, simu mnayo nyinyi, sikilizeni wenyewe. Ina sekunde kumi na tisa.

Saa tatu na dakika tano nikaiweka kwenye grupu la kambi. Chini yake niliandika maneno mawili: Nauliza tu.

Saa nne na nusu video ile ilinirudia kutoka kwa binamu yangu anayekaa mji mwingine kabisa, mwendo wa saa mbili kwa basi. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwamba watu wanane wamekwisha kufa. Saa tano ikanirudia tena, wamekuwa kumi na tisa. Mtama nilikwisha kuumwaga penye kuku wengi. Sikuandika kitu. Niliweka simu chini ya mto.

Saa sita na robo mdogo wangu aliingia chumbani mbio, na mkasi bado mkononi. Mteja wake alibaki barazani, nusu kichwa kimenyolewa. Aliniuliza, "Dada, ni kweli?" Nikamwambia, "Umeona kwa macho yako." Akamtazama mke wake aliyelala. Akaniuliza, "Na mtoto wangu, dada?" Mimi sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Akatoka.

Saa saba mchana hivi nilisikia kelele uwanjani, nikatoka, nikasimama kwenye ngazi za Kidato cha Pili B. Kutoka pale hadi kwenye tangi ni kama hatua ishirini. Walikuwa watu sitini au sabini. Dereva wa gari la misaada alikuwa amekwisha kukimbia kupitia uzio. Pinki walikuwa wamemkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miwani yake ilikuwa imevunjika. Vifungo vya shati vilikuwa vimekatika vyote, na nakumbuka nilishangaa kuona kwamba ndani alikuwa na fulana yenye matundu, kama sisi tu.

Mdogo wangu alikuwa ameshika kikombe cha bombani, kile cha plastiki ya bluu. Mtu mwingine, sikumtambua, alifungua ndoo nyeupe. Pinki akasema kwa sauti kubwa, "Hiyo si ya kunywa! Hiyo ndiyo kali, kikombe kimoja ni cha tangi zima!" Wakaitikia, "Mnaona? Amekiri mwenyewe!" Akajaribu kueleza, lakini kila alichoeleza kiligeuka kuwa ushahidi. Aliposema ni dawa walisema dawa ya nini. Aliposema inaua vijidudu wakasema ndiyo, inaua. Mdogo wangu akachota. Akamwambia, "Kunywa alichokunywa mwanangu."

Pinki alipiga kelele kuelekea upande wetu wa madarasa. Kulikuwa na fujo nyingi, sikusikia alisema nini.

Walimshika mikono na wakamziba pua. Alinyweshwa vikombe viwili. Cha kwanza nusu kilimwagika kifuani. Cha pili kiliingia chote. Mke wa seremala alipiga vigelegele. Halafu mtu akachana tangi kwa kisu, maji yakatoka yote kwa mkupuo, yakazoa ndala za watu na kuzipeleka hadi chini ya mlingoti wa bendera. Pinki alikuwa amelala ubavu kwenye tope lile. Vile vichupa vyake viwili vilikuwa karibu naye na mtu alivikanyaga. Polisi walifika saa nane na nusu.

Swali: Baada ya tukio, hali ya maji kambini ikoje?
Jibu: Magari yote ya misaada yameondoka, hata ya mablanketi, hata ya muuguzi. Hakuna anayetaka kuja kwetu, na hata ningekuwa mimi nisingekuja. Watu wanachota dimbwini, nyuma ya vyoo. Hadi jana usiku waliokuwa wanaharisha walikuwa ishirini na sita. Wamekufa wawili, mmoja mtoto wa Kidato cha Kwanza A, namaanisha wa chumba hicho. Ufunguo bado anao mke wa seremala, shingoni, wa mabomba yasiyo na maji. Yeye pia anaharisha. Nilimwona jana ameushikilia ukuta.

Swali: Unataka kuongeza nini kuhusu mdogo wako?
Jibu: Kwamba si mkatili. Alifanya vile kwa uchungu wa mtoto. Aliamini alichoona. Kama mnamtaka mtu, mnishike mimi, lakini yule ni mtu wa kuambiwa.

Hapa afande alitoka nje kupokea simu. Amekaa huko kama dakika kumi. Amerudi, amekaa, ametoa karatasi kwenye bahasha, ameiweka mezani mbele yangu. Amesema hii ndiyo aliyoandika mpima maji hospitalini jana asubuhi, alipoulizwa nani anaweza kuthibitisha kwamba maji hayakuwa na sumu. Mwandiko naujua. Umepinda kidogo, lakini ni wake. Imeandikwa hivi:

"Muulizeni Mama Foleni. Anajua kupima. Atawaambia kweli."

Nimeisoma mara tatu. Nimemwomba afande arudi juu, kwenye ukurasa wa kwanza, afute pale niliposema sikujua maana ya rangi. Amesema maelezo ya polisi hayafutwi. Kilichosemwa kimesemwa, kama kuna marekebisho yanaandikwa chini. Basi yaandikwe chini.

MAREKEBISHO

Nilijua.

Tarehe 2, siku ya tatu ya ufunguo, Pinki alinifundisha kupima. Alisema msimamizi wa foleni lazima ajue anachogawa. Alinionyesha kwamba kidonge kikikutana na dawa, maji yanageuka pinki, na pinki maana yake dawa imo, vijidudu vimekufa, kunywa. Yakibaki meupe, dawa haimo, usifungue bomba. Nilimuuliza siku ile ile kuhusu maji ya dukani. Akaniambia hayo hayawekwi klorini, yanachujwa kiwandani kwa njia nyingine, kwa hiyo yatabaki meupe hata yakiwa safi. Tulijaribu. Yalibaki meupe. Tulicheka, nikamwambia maji ya kununua hayana haya. Kwa hiyo Jumatano nilipomwambia apime na ya kwake, nilijua kitatokea nini kabla hajafungua chupa.

Mara tano alipochelewa nilipima mimi. Kwenye daftari lake la vipimo kuna mwandiko wangu kurasa mbili. Afande amelitoa, amenionyesha. Ni wangu.

Video ina sekunde kumi na tisa kwa sababu nilibonyeza kuzima. Alikuwa amefungua mdomo kujibu. Alisema, "Ni hivi, mama..." na mimi nikazima. Alinieleza yote pale pale mbele ya watu kama kumi, kwa subira, kama vile sijui, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama ninayejifunza. Halafu nikaenda kuiweka kwenye grupu bila yale majibu yake. Niliandika "Nauliza tu." Anayeuliza tu hana jibu. Mimi nilikuwa nalo mfukoni.

Sikutaka afe. Nilitaka aaibike. Nilitaka asimame mbele ya kambi kama nilivyosimama mimi, watu wamtazame, halafu aje kuniomba, "Mama Foleni, nisaidie kuwaeleza." Na mimi ningewaeleza. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Ningempa maneno yangu na yeye angenipa ufunguo. Namna hiyo ndiyo nilivyokuwa nahesabu, na saa nne na nusu, waliposema wamekufa wanane, bado nilikuwa nangoja aje aniombe.

Kuhusu mtoto. Muuguzi aliniambia Jumapili ile ile, tukiwa wawili barazani, kwamba mimba haikutoka kwa maji wala chakula. Alisema ni kwa sababu ya kuanguka. Siku ya mafuriko wifi yangu alipokuwa anapandishwa darini, ngazi iliteleza, akaanguka kwa tumbo juu ya ukingo wa kitanda. Aliyekuwa ameshika ngazi ni mdogo wangu. Muuguzi aliniambia mimi ili nimwambie yeye. Sikumwambia. Nilimwambia ni mapenzi ya Mungu. Nilimlea kwa mgongo huu, ningemwambiaje kwamba mikono yake ndiyo iliyomwachia mwanawe? Kwa hiyo Jumatano alipoingia na mkasi akaniuliza, "Na mtoto wangu, dada?" niliona mlango umefunguka. Ikiwa ni maji, basi si yeye. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu alikuchukua kama ndiyo, na nilijua atakuchukua hivyo, kwa sababu tangu ana miaka mitatu sijawahi kumnyamazia kwenye jambo lisilo kweli.

Kuhusu kelele za Pinki. Nilisema sikusikia. Nilisikia. Hatua ishirini si mbali, na mimi nimeuza sokoni miaka kumi na sita, nasikia mteja aliye kibanda cha tatu. Alisema, "Mama Foleni! Waambie pinki ni nini! Wewe nimekufundisha!" Watu walinyamaza. Nataka hilo liandikwe vizuri. Walinyamaza wote, na mdogo wangu aligeuka akanitazama, kikombe kimejaa, hakijafika mdomoni. Walikuwa wananisubiri mimi. Foleni nzima ilikuwa inanisubiri mimi, kama zamani.

Nikasema, "Mimi najua nini? Ufunguo anao mke wa seremala. Muulizeni yeye."

Kuna watu walicheka. Ilikuwa na mzaha ndani yake, nilivyosema. Kisha mdogo wangu akageuka, akamnywesha.

Maji yale ya kwenye kichupa yalikuwa na haya kuliko mimi.

Swali: Kwa nini unasema haya sasa?
Jibu: Kwa sababu ya karatasi. Nilikuja hapa nikidhani amenitaja kunishtaki. Ningejua la kujibu, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Kumbe mtu amelala koo limeungua, mimi nilimwona akinyweshwa na yeye aliniona nikimwona, na bado anafikiri nikikaa mezani mbele ya afande nitasema kweli. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Naomba mambo mawili. La kwanza, mdogo wangu asomewe haya, ila habari ya ngazi asisomewe. Afande amesema hawezi kuahidi, jalada likifika mahakamani linasomwa lote. Basi. La pili, mpima maji naye asomewe huko hospitali. Asomewe hapa chini tu. Pale juu, ambapo nasema sikujua, asisomewe. Afande ameliandika.

Yaliyo juu ni ya uongo pale nilipoonyesha na yaliyo chini ni kweli, na yote mawili yametoka kinywani mwangu. Nimesomewa, nimeyatambua, na natia sahihi kila ukurasa, hata ule wa kwanza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)
Saa 6:05 mchana

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatamka, nimemsomea, na ametia sahihi kurasa zote tano mbele yangu.

Simu niliyotoka kuipokea saa 5:10 ilitoka hospitali. Mpima maji alifariki saa 4:50 asubuhi. Wakati huo shahidi alikuwa kwenye ukurasa wa pili. Nilimwonyesha karatasi baada ya kupokea simu hiyo, na habari ya kifo sikumpa hadi alipomaliza kutia sahihi. Shitaka la mdogo wake limebadilishwa kuwa la mauaji. Hadhi ya shahidi mwenyewe katika jalada hili nimeipeleka kwa mkuu wa upelelezi kwa maamuzi, na hajaruhusiwa kuondoka kituoni.

Nilipomweleza hayo shahidi aligeukia ukuta. Chumba cha mahabusu kiko upande wa pili wa ukuta na mdogo wake alikuwa anakohoa. Kisha shahidi aliomba maji ya kunywa. Nilimletea kikombe kutoka pipa la ofisini. Alikiinua juu kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama, akaniuliza nani ameyapima.

Nilimjibu kwamba tangu Jumatano hakuna anayepima.